Daladala zako: gereji yako au fundi wa nje?
Wenye daladala Dar wanabishana sana hili. Ukiwa na Coaster moja au mbili fundi wa nje anatosha, humlipi mshahara, unalipa kazi tu, ila siku gari ikizima unapanga foleni na hesabu ya siku hiyo, ile hela dereva anayokuletea, ndo imeenda. Gereji yako inakula hela, kodi, mafundi, jeki, stoo ya oili na filta, lakini gari inakaguliwa usiku ikirudi na asubuhi ipo ruti, na kwenye breki mi sitaki mzaha kabisa, abiria wanajaa hadi mlangoni. Spea, mwenye gereji na mwenye fundi wa nje wote mtafuata Kariakoo. Kwenye rekodi za matengenezo gereji inashinda, fundi wa nje mara nyingi haandiki, labda umwekee daftari ndani ya gari. Una gari kama kumi hivi? Fikiria gereji. Chini ya hapo shika fundi mmoja mwaminifu, usihamehame.