EasyRPG Player kwenye simu ya bei ya kawaida: kuzicheza gemu za RPG za mashabiki na kumrudishia mtunzi majibu yenye faida

Kwa mpenzi wa gemu za RPG za mtindo wa kale zilizotungwa na mashabiki, mwenye simu ya Android ya bei ya kawaida tu, programu ya kwanza kuweka ni EasyRPG Player. Ni ya bure, haina matangazo, msimbo wake uko wazi chini ya leseni ya GPL, na ikishaingia kwenye simu haidai intaneti. Huku Kigoma, Mwisho wa Reli, sifa hiyo ya mwisho si ndogo. Unapakua gemu ukiwa Mwanga wakati bando lipo, halafu unaicheza kwenye treni ya kwenda Tabora, zaidi ya kilomita 400, hata pale mtandao unapokatika.

Sifa yake kubwa zaidi lakini ni nyingine. Gemu hizi hutungwa na mtu mmoja au wawili, bila kampuni wala wajaribu wa kulipwa. Mchezaji ndiye mjaribu wao, na programu hii inamwekea mkononi karibu kila kitu anachohitaji ili maoni yake yamfae mtunzi.

Jua kwanza inacheza nini. Inasoma gemu zilizotengenezwa kwa RPG Maker 2000 na RPG Maker 2003, programu za kompyuta za kutungia gemu, peke yake. Fungua folda ya gemu: ukikuta RPG_RT.ldb, RPG_RT.lmt na mfululizo wa ramani kama Map0001.lmu, endelea. Ukikuta mafaili ya kiishio .rxdata au .rgssad, au folda ya www, hiyo imetokana na RPG Maker za baadaye na haitafunguka hapa hata ukihangaika usiku kucha. Kwa mtu anayeanza, tatu zinazostahili bando ni Yume Nikki ya Kikiyama (2004), OFF ya Mortis Ghost (2008) na Ib ya kouri (2012). Mbili za kwanza zilitengenezwa kwa 2003, na Ib ya asili kwa 2000. Skrini ya gemu hizi ni pikseli 320 kwa 240, na muziki wake mara nyingi ni MIDI, ambayo wimbo mzima ni kilobaiti chache. Ndiyo maana nyingi hazimalizi bando wala hazijazi memori kadi.

Kuiweka ni rahisi, ila mpangilio wa folda lazima ufuatwe. Ipakue Play Store au kwenye tovuti yao ya easyrpg.org. Ukiifungua mara ya kwanza itakuomba uchague folda moja, na ndani yake hutengeneza folda za games, rtp na saves. Gemu huingia kwenye games, kila moja na folda yake. Unaweza pia kuliacha faili la zip kama lilivyo bila kulifungua, na kwa gemu za Kijapani hiyo ndiyo njia bora. Programu nyingi za kufungulia zip kwenye simu huharibu majina ya mafaili ya Kijapani, na jina likiharibika, gemu inaitafuta picha na haiioni. EasyRPG Player hubahatisha vizuri aina ya herufi ikisoma zip moja kwa moja.

Wengi hukwama kwenye RTP. Huo ni mfuko wa picha, sauti na muziki wa kawaida ambao kampuni iliutoa pamoja na RPG Maker, ili kila mtunzi asilazimike kuufungasha ndani ya gemu yake. Gemu inayoutegemea bila kuupata itafunguka, lakini shujaa haonekani, ardhi inakuwa miraba miraba, na mapigano yanapita kimya. Watu wengi huifuta gemu hapo hapo wakidhani ni mbovu. Pakua RTP ya 2000 uiweke kwenye rtp/2000, na ya 2003 kwenye rtp/2003, usizichanganye. Zinapatikana bure kwa wenye RPG Maker wenyewe, na timu ya EasyRPG ina mfuko wake wa mbadala ambao picha zake si zile zile. Jambo la kupongezwa: RTP ya Kijapani na za Kiingereza hutofautiana majina ya mafaili, na programu hii inajua kuyalinganisha, kwa hiyo mfuko mmoja unahudumia gemu za pande zote.

Maandishi yakitokea kama vibox na alama za ajabu, kosa ni usimbaji wa herufi. Bonyeza alama ya gurudumu kando ya jina la gemu, chagua eneo la lugha ya gemu, kisha uifungue upya. Kwenye kompyuta unaongeza kwenye RPG_RT.ini sehemu ya [EasyRPG] na mstari wa Encoding=932 kwa Kijapani, au Encoding=1252 kwa lugha za Ulaya Magharibi.

Vitufe vya kwenye kioo vinatosha kwa kutembea na kuongea na watu. Unaweza kuvihamisha, kuvipunguza na kuvififisha. Shika simu kwa ulalo, maana skrini ya 4 kwa 3 inaacha nafasi pande zote mbili na dole gumba halifuniki mchezo. Kwenye gemu za 2003 zenye mita ya muda inayojaa wakati wa pambano, vitufe vya kioo vinachelewesha. Kibodi ya waya wa OTG au kifaa cha kuchezea cha Bluetooth vinaokoa. Kipo pia kitufe cha kuharakisha mchezo, na mjaribu anayerudia eneo moja mara kumi atakithamini kuliko mchezaji wa kawaida.

Mapungufu yapo. Vipande vya video ndani ya gemu havichezwi, na kama mtunzi ameweka utangulizi wa video utauruka bila kujua. Gemu zilizojengwa juu ya DynRPG, nyongeza zinazoipa RPG Maker 2003 uwezo wa ziada, hazina uhakika: baadhi ya nyongeza hizo zinatambuliwa, nyingi hazitambuliki, kwa hiyo pambano au menyu ya mtunzi inaweza kukosekana kabisa. Maniac Patch, nyongeza nyingine ya namna hiyo, inaungwa mkono vizuri zaidi. Usimwandikie mtunzi kwamba gemu yake imeharibika kabla hujaangalia kama inatumia nyongeza ya namna hiyo. Na kwa simu zenye nguvu ndogo, gemu yenye matukio mengi yanayoendeshwa sambamba bila amri ya kusubiri inaweza kuvuta miguu, kwa sababu kila tukio hurudiwa mara 60 kwa sekunde. Hilo mwambie mtunzi, maana kuongeza amri ya kusubiri kwenye matukio yasiyohitaji kasi ni kazi ya dakika chache.

Sasa maoni yenyewe. "Gemu kali ila inaganda" haimsaidii mtu. Mtunzi ana ramani mia na swichi elfu, yaani alama za kuwashwa au kuzimwa zinazokumbuka yaliyotokea kwenye gemu. Anataka kujua ni wapi na baada ya nini. Kinachobeba habari hiyo yote ni faili la hifadhi, Save01.lsd hadi Save15.lsd. Ndani yake mna namba ya ramani, mahali shujaa aliposimama, na hali ya kila swichi na kigezo (namba ambayo gemu inaikumbuka). Hifadhi kwenye nafasi mpya hatua chache kabla ya kosa, usifute ile ya awali, kisha tuma faili hilo. Ni dogo kiasi kwamba WhatsApp hailioni kama mzigo. Kwa gemu iliyo kwenye folda, hifadhi hukaa humo humo. Kwa gemu iliyo ndani ya zip, itafute kwenye folda ya saves. Umeme ukikatika mara kwa mara na simu iko chini ya asilimia kumi, usitegemee nafasi moja tu.

Ambatisha na faili la kumbukumbu ambalo programu huandika kila inapokosa kitu. Mstari unaosema picha fulani ya CharSet (folda ya picha za wahusika) haikuonekana unamaliza ubishi: ama RTP yako ina kasoro, ama mtunzi amesahau kufungasha faili. Picha ya skrini itume kama dokumenti, si kama picha. WhatsApp hubana picha, na maandishi ya pikseli chache hugeuka ukungu usiosomeka.

Halafu andika kwa utaratibu: toleo la gemu, toleo la EasyRPG Player, aina ya simu, ulichofanya hatua kwa hatua, ulichotarajia, kilichotokea, na kama kinarudia ukijaribu tena. Hilo la kurudia lina uzito mkubwa. Shujaa akisimama kama amepigwa misumari na vitufe havisikii, mara nyingi ni tukio la kujiendesha ambalo mtunzi hakulizima baada ya kuisha, na kosa hilo hurudi kila mara mahali pale pale. Likitokea mara moja kati ya kumi, chanzo ni kingine, labda msimbo unaotegemea bahati nasibu au adui anayezurura. Mtunzi ataanza kutafuta pengine kabisa.

Mtunzi akitoa toleo jipya, usilijaribu kwa hifadhi ya zamani halafu ukaripoti kila utakachoona. Huenda swichi ya 120 iliyokuwa ya mlango wa pango sasa ni ya kifo cha mfalme. Hifadhi yako inaleta thamani ya zamani, na milango inafunguka ovyo. Anza upya. Kwenye kompyuta unaweza kufika haraka kwa kuifungua gemu katika hali ya majaribio na kubonyeza F9, ambapo swichi na vigezo vinaonekana na kubadilishwa. Ukifanya hivyo mwambie mtunzi, maana kosa lililopatikana baada ya kugusa swichi kwa mkono si ushahidi safi.

Usiishie kwenye hitilafu. Taja ulipochoka, ulipopotea njia, adui aliyekuua mara tano na ulikuwa kiwango gani ulipomkuta. "Bosi ni mgumu" ni hisia. "Bosi wa pango la pili, kiwango cha 9, dawa sita, amenimaliza zamu ya nne" ni kitu ambacho mtunzi anaweza kukipima upya.

Kuna kipengele kimoja kinachoifanya programu hii iwe ya thamani ya pekee kwa Waswahili, nacho hakizungumzwi inavyostahili: tafsiri. EasyRPG Player inaweza kuonyesha gemu kwa lugha nyingine bila kugusa mafaili ya mtunzi. Zana yao ya kompyuta iitwayo lcftrans inachomoa maneno yote na kuyaweka kwenye mafaili ya .po, moja kwa kila ramani na mengine kwa hazina ya data. Unatengeneza folda ya Languages ndani ya gemu, ndani yake folda ya Kiswahili, unaweka mafaili hayo pamoja na meta.ini yenye jina la lugha. Chaguo la lugha linatokea kwenye skrini ya mwanzo. Jaza msgstr (mstari wa tafsiri), usiguse msgid (maneno ya asili), na hifadhi kwa usimbaji wa UTF-8. Mtunzi akibadilisha gemu, zana hiyo hiyo inasasisha mafaili bila kufuta kazi yako.

Kiswahili kina bahati hapa: hakina herufi zenye alama juu, hata ng' inaandikika kwa kibodi yoyote. Tatizo ni urefu wa maneno yetu. Kisanduku cha maongezi kina mistari minne, kila mmoja herufi 50, na picha ya uso ikiwepo zinabaki 38. Chukua sentensi hii: "Mzee amesema usivuke mto kabla ya jua kuzama." Ni herufi 45. Bila uso inaingia. Uso ukiwepo, mchezaji anasoma "kabla ya jua" na neno "kuzama" linakatwa, na hajui kama avuke alfajiri au magharibi. Vunja mstari mwenyewe, na mistari minne isipotosha, andika <easyrpg:new_page> peke yake kwenye mstari ili maongezi yaendelee kwenye kisanduku kipya. Kuwa mwangalifu na \n[1], msimbo unaoweka jina la shujaa: kwenye faili ni alama tano tu, lakini mchezaji aliyejiita Nyamwihula atachukua nafasi kumi.

Menyu kuu inabana zaidi, ina nafasi ya herufi 12 hivi. "Kuhifadhi mchezo" ni 16 na itakatwa, andika "Hifadhi". "Vifaa", "Silaha", "Uwezo" na "Toka" zinakaa bila shida. Jaribu kila ramani kwa macho, kwenye simu yenyewe, kabla ya kusema umemaliza. Kisha muombe mtunzi ruhusa, bana folda ya Languages peke yake kuwa zip na umtumie pamoja na maoni yako.