TAHADHARI: "Leica ya jeshi la Hitler" inayouzwa Dar ni feki

Wakuu salaam. Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wapiga picha na wapenda vitu vya kale hapa Dar, anauza "Leica ya jeshi la anga la Hitler", yaani kamera ya Kijerumani ya zamani. Anaanzia milioni mbili na laki nane. Ukikaza anashuka hadi mbili na nusu, halafu anataka kianzio cha laki tatu "ya kushikilia mzigo", eti kuna mzungu Arusha anaisubiri. Namba yake siweki, maana laini anabadilisha kila mara. Mtamjua kwa mzigo wake.

Kamera yenyewe nimeishika. Kuna mdogo wangu alikuwa ameshaanza kukusanya hela, akaniomba nimsindikize kwenda kuiona. Ni ndogo, ya rangi ya dhahabu, juu imechongwa tai na swastika pamoja na jina la Leica. Kwa macho inavutia kweli. Nikamwambia jamaa afungue lenzi. Akaanza kuzunguka mbuyu, mara vumbi litaingia, mara mwenye mali hataki ifunguliwe. Mwisho akakubali. Lenzi za aina hii zinatoka kwa kuzungusha kwa mkono tu, hakuna kifaa kinachohitajika.

Ukichungulia ndani, upande wa juu, utaona kijiti cha chuma kinachogusa mgongo wa lenzi. Ndicho kinachopeleka kipimo cha umbali kwenye dirisha la kuchungulia. Kwenye Leica halisi, ncha ya kijiti hicho ina kigurudumu kidogo cha mviringo, ukikigusa kinazunguka. Hii ilikuwa na kipande cha chuma kilichochongoka, hakizunguki hata ukifanyaje. Hapo biashara imekwisha: ni Zorki au FED, kamera za Kisovieti zilizoiga Leica II. FED zilianza kutengenezwa Kharkiv mwaka 1934, Zorki zikafuata mwaka 1948 huko Krasnogorsk, karibu na Moscow. Zilitoka kwa wingi mno, na baadaye wajanja wakawa wanakwangua maandishi ya Kirusi, wanapaka dhahabu na kuchonga tai. Leica za Luftwaffe, yaani hilo jeshi la anga la Hitler, zinazofahamika nyingi ni toleo la IIIc, ambalo mbele lina kisahani cha kuwekea kasi ndogo za shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga). Yake mbele hapana kitu.

Na hadithi anayoiuza nayo msiichekee tu, ipigieni hesabu. Anasema kamera iliachwa Moshi na ofisa wa Kijerumani enzi za mkoloni. Wajerumani walipoteza nchi hii kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, Leica ikaanza kuuzwa mwaka 1925, na Luftwaffe ikatangazwa mwaka 1935. Huyo ofisa aliipata wapi? Nilipomuuliza hivyo, ofisa akageuka padri palepale mezani.

Anapobanwa kuhusu bei anatoa simu na kuonyesha picha za skrini. Ya kwanza ni habari ya kweli: Juni 2022 kamera ya Oskar Barnack mwenyewe, aliyeibuni Leica, iliuzwa mnadani Wetzlar, Ujerumani, kwa euro milioni 14.4. Ile ilikuwa ya majaribio, namba 105, ya kabla hata Leica haijaingia sokoni. Haihusiani na hii ya kwake kwa lolote. Nyingine ni matangazo ya eBay ambapo mtu ameandika dola elfu tatu, elfu nne. Hiyo ni bei ya kuombea, hata mimi naweza kuandika nauza sufuria kwa milioni. Ukiwa eBay chagua vitu vilivyokwisha kuuzwa, uone watu wamelipa nini. Na ukikuta bei imekatwa mstari, jua muuzaji alikubali pungufu ya hapo. Feki hizi za dhahabu kwa kawaida zinaishia dola mia na kitu, labda mia mbili kama ni safi na shata inafanya kazi. Zorki ni kamera nzuri tu kwa bei hiyo, picha inatoa.

Kilichonifanya niandike zaidi ni upande wake wa pili. Jamaa huyuhuyu anapita kwa wazee waliokuwa na studio, Tanga na Morogoro, akijiita mthamini. Kwao lugha inabadilika: filamu imekufa, lenzi ina fangasi, hii ni ya kutupa lakini nitakusaidia. Mzee mmoja Tanga, wa umri wa baba yangu, ametoa Rolleiflex 2.8F kwa elfu arobaini. Kamera hiyo ikiwa safi na inafanya kazi, huko nje inavuka dola elfu moja. Mzee anasema hakuwahi kuona fangasi humo, ila kijana alimmulikia tochi akamwonyesha "madoa".

Fangasi ipo, hasa kwetu pwani, na inashusha bei kweli. Lakini ina nyuzi nyuzi zinazotawanyika kama utando wa buibui. Vitone vilivyotengana ni vumbi, na vumbi kidogo halipunguzi thamani ya maana. Kama mzazi wako ana kamera kabatini, mmulikie wewe mwenyewe. Soma jina lililoandikwa kwenye pete ya lenzi na namba iliyo kwenye bodi, sikiliza shata kwenye kasi ndogo kama inanata, kisha tafuta bei za zilizouzwa. Msiifute wala kuipaka mafuta kabla ya kupata mnunuzi.

Anayedai ada ya tathmini au ya "cheti cha Ujerumani" kabla hajaishika kamera, mwacheni aende zake. Waliokwisha kutuma kianzio, msifute ujumbe wa muamala wala chati. Nendeni navyo polisi, na namba aliyotumia ipelekeni 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.