T-55A ya Tamiya (1/35): nimekijenga kifaru hiki miezi miwili, haya ndo niliyoyaona

Modeli za plastiki nimeanza na magari, baadaye ndege, kifaru hiki cha kiwanda cha Kijapani cha Tamiya, kilichopunguzwa mara 35 kuliko kile halisi (ndo maana ya 1/35), ndo cha kwanza kukimaliza kabisa mpaka tope kwenye minyororo, kwahiyo naandika kwa ajili ya mtu aliyeko huku kwetu anayefikiria kununua na hajui aanzie wapi, maana maelezo mengi yaliyopo yameandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi na hewa kavu, na mambo mengine yakifika Dar yanabadilika kabisa.

Kwanza kwa nini T-55, kifaru cha Kisovieti (T-55A ni toleo lake), na siyo vile vya Wajerumani ambavyo kila mtu anavijenga. Ni Vita vya Kagera. Tarehe 10 Machi 1979 pale Lukaya, kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, brigedi yetu ya 201 ilikutana uso kwa uso na Walibya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin, na wale jamaa walikuja na T-55 pamoja na BM-21 za kurusha roketi. Siku ile vijana wetu walirudi nyuma, usiku Brigedi ya 208 ikazungushwa kupitia kaskazini-magharibi, kesho yake asubuhi Walibya wakapigwa kutoka pande mbili na wakakimbia. Baba mdogo wangu alikuwa vitani mwaka ule na ndo aliyenihadithia mara ya kwanza kuhusu vifaru vilivyobaki kando ya ile barabara, nilikuwa mtoto, na picha hiyo haijanitoka. Kwahiyo nilijua nataka kifaru kimoja cha Libya, cha kijani, kimetapakaa udongo wa Masaka.

Kit, yaani boksi la vipande vya kujengea, nilimwagiza kaka yangu anayefanya kazi Dubai, akainunua kama dola 50 hivi akaja nayo kwenye begi. Huku hamna duka la modeli la kueleweka, ukiagiza kwa mtandao nauli inaweza kukaribia bei ya kit yenyewe, kwahiyo kama una ndugu anasafiri mtumie huyo huyo.

Ukifungua boksi unakuta vipande vimeshikiliwa kwenye fremu za plastiki ya kijani, vipande vimekatika safi, hamna plastiki iliyomwagikia pembeni, na karatasi ya maelekezo ni michoro mitupu inayoeleweka hata kama husomi Kijapani wala Kiingereza. Hawa Tamiya wa Shizuoka wamefanya kazi hii muda mrefu, hata kipimo chenyewe cha 1/35 kimetoka kwao, mwanzoni mwa miaka ya 1960 walitengeneza modeli ya Panther, kifaru cha Wajerumani, wakaipa ukubwa wa kutosha kuingiza mota na betri ndani, hesabu ikaangukia 1/35, na leo karibu viwanda vyote vya vifaru vya modeli vinafuata hapo hapo. Kikiisha kina urefu wa kama sentimita 26 ukihesabu na mtutu, kinakaa vizuri tu kwenye rafu ya vitabu.

Kujenga sasa. Mtu anayeanza nitamwambia bila wasiwasi achukue hii, maana vipande vinaingiana vyenyewe, unagusisha gundi ile nyepesi kama maji (ya chupa yenye kifuniko cha kijani) kwenye mshono, inanyonywa ndani yenyewe, sekunde chache imeshika. Fungua madirisha lakini, ile harufu ni kali na ni asetoni ndani yake, usifanyie chumba wanacholala watoto. Mwili na magurudumu nilimaliza jioni tatu. T-55 ina magurudumu matano kila upande, na lile la kwanza limeachana kidogo na la pili, hiyo nafasi ndo alama ya kuitambua ukiiona kwa mbali, kifaru kingine kinachofanana nacho, T-62, nafasi zake ziko kwa nyuma. Magurudumu usiyabandike moja kwa moja. Yapake rangi pembeni kwanza, kijani katikati na nyeusi ya mpira kwenye ukingo, ukishayabandika burashi haifiki vizuri na utaharibu.

Kichwa cha kifaru, kile kinachozunguka, kwenye kifaru halisi kilimiminwa kwa chuma cha kuyeyushwa kwahiyo ngozi yake haikuwa laini, ilikuwa na chenga chenga. Kwenye kit hiyo ngozi imewekwa kwa mbali sana, mimi nikaiongeza kwa kuchanganya puti ya modeli na ile gundi mpaka ikawa kama uji mwepesi, nikadonoa donoa na burashi kuukuu, ikikauka unapitisha msasa mara moja tu, usizidishe. Aisee hapo ndo kifaru kiliacha kuonekana cha kuchezea. Mtutu nao upe muda. Ule mzinga wa milimita 100 ni mrefu na wa duara, mshono ukibaki kidogo tu mwanga unaupata na jicho linakwenda hapo hapo, mimi nilitumia msasa wa namba 1000 halafu 2000 na maji, jioni nzima kwa mtutu mmoja, na sijutii.

Minyororo ya kwenye boksi ni ukanda mmoja mrefu kwa kila upande. Ni rahisi kufunga ila T-55 haina vigurudumu vya juu vya kushikilia mnyororo, kwahiyo ule wa kweli hulala juu ya magurudumu na kuning'inia katikati yake, na ukanda peke yake unakaa umenyooka kama mkanda wa mashine ya kusaga. Dawa yake ni kudondosha supa gluu juu ya kila gurudumu na kubana kwa vijiti mpaka ishike. Kuna seti za minyororo ya kipande kimoja kimoja zinauzwa pembeni, zinapendeza zaidi lakini ni pesa nyingine na ni kazi ya siku mbili. Na ndani ya kifaru hamna kitu, ni tupu, ukitaka viti na injini na risasi kuna kiwanda kingine cha modeli, MiniArt wa Ukraine, wao T-55A yao wanayo mpaka ya mambo ya ndani ila vipande ni vingi mno, sio ya mtu wa mara ya kwanza.

Rangi ndo nataka nikae hapo kidogo maana ndo palinipa shida.

Nilianza mwezi wa nne, masika imekolea. Nikapuliza rangi ya laka kwa eabrashi (kalamu ya kupulizia rangi inayoendeshwa na kompresa), dakika kumi baadaye kifaru kizima kimepauka, kina ukungu mweupe kama kimepakwa majivu. Sikujua kumbe laka inapokauka haraka inapoza ule uso na unyevu wa hewani unaganda ndani ya rangi, na hewa ya Dar mwezi wa nne unaijua mwenyewe. Niliumia sana siku ile. Nikasubiri ikauke, nikapitisha msasa, nikarudia kwa zile akriliki za chupa za Tamiya nikizipunguza kwa X-20A, thina yao wenyewe, na nikawa napuliza saa tano asubuhi siku yenye jua badala ya usiku. Halikutokea tena. Kompresa nayo lazima iwe na kichujio cha maji, bila hicho inatema matone katikati ya kazi. Na kabla hujaanza angalia kama umeme una dalili ya kukatika, ukikatika rangi ikiwa kwenye eabrashi safisha hapo hapo, usisubiri urudi.

Thina ya magari usiiguse kwa plastiki. Duka moja la rangi waliniambia haina shida, bahati nzuri nilijaribu kwanza kwenye kipande cha fremu, kikawa laini kama ubani uliotafunwa.

Kijani nilichotumia ni XF-58 ya Tamiya na tone la njano, nikaanza na tabaka la giza chini halafu nikaja nyepesi juu katikati ya kila bamba ili jua lionekane limepiga. Halafu ile kazi ya kupitisha rangi nyembamba kwenye mifereji na kuzunguka misumari, wenzetu wananunua vichupa vyake maalum, mimi nilitumia rangi ya kopo ya mafuta, ya aina wanayotumia wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay, kahawia na nyeusi, nikaipunguza kwa tapentaini mpaka ikawa maji maji. Inafanya kazi vizuri sana kwa sababu tapentaini haiyeyushi akriliki iliyokwisha kauka, ukikosea unafuta na pamba yenye tapentaini kidogo. Kopo dogo moja litakutosha vifaru hamsini.

Tope nimelifanya mara mbili. Mara ya kwanza nilifuata mafunzo ya mtandaoni, tope la kijivu-kahawia, nikaona limetoka safi kabisa. Baba mdogo alipokuja Jumapili nikamwonyesha, akakishika kwa mikono miwili, akakizungusha taratibu, akatazama chini kwenye minyororo.

"Hiki umekipitisha wapi?" akaniuliza.

"Lukaya, baba mdogo."

"Hapana mwanangu. Kule udongo mwekundu. Nguo zetu zilikuwa nyekundu mpaka tunafika Kampala."

Sikubisha. Nikamwomba shangazi Bukoba anitumie udongo kwenye mfuko, kiganja kimoja tu, nikaukausha juani, nikauchekecha kwenye soksi nyepesi ya kike mpaka ukawa unga, nikauchanganya na vanishi isiyong'aa. Kwenye magurudumu niliupaka mzito na mbichi mbichi kwa sababu pale Lukaya barabara inakatiza kwenye kinamasi, juu ya mwili nikapuliza vumbi lake tu. Hakuna chupa ya dukani iliyonipa rangi ile. Na unga wa udongo halisi una chembe za kweli, ukipiga picha kwa karibu unaona.

Stika sikubandika hata moja, nilitaka kiwe kitupu.

Jambo moja la kuangalia kabla hujatoa hela yako. Kama unataka kifaru cha JWTZ ya wakati ule, hii siyo. Sisi tulikuwa na Type 59 ya Kichina, ambayo ni nakala ya T-54A, mtu asiyezoea ataona ni kitu kimoja lakini Type 59 ina kibonge cha feni ya hewa juu ya kichwa upande wa kulia mbele, T-55 haina. Nimesikia watu wakisema badilisha tu rangi inatosha, hapana, waliokaa ndani ya vile vifaru wapo hai na wataona.

Kwa kit yenyewe natoa 9 kwa 10, ile moja imebaki kwenye minyororo. Ukijumlisha rangi, gundi, msasa na kichujio cha kompresa jiandae kwa kama mara mbili ya bei ya boksi, ila vifaa vinabaki. Mimi kibonge cha feni nimeshaanza kukichonga kwa mabaki ya fremu, na udongo wa shangazi umebaki nusu mfuko.