Wasanii wa Kujitolea katika Darasa la Watoto Usharikani: Uzoefu Wangu Kama Mzazi

Kwa miezi mitatu sasa binti yangu mwenye umri wa miaka 9 anahudhuria darasa la sanaa linaloendeshwa na usharika wetu kila Jumapili baada ya ibada, ambalo walimu wake ni waumini wenye vipaji vya uchoraji, uimbaji na ngoma wasiolipwa chochote. Ninawaandikia wazazi wanaojiuliza kama muda huo una faida yoyote kwa mtoto. Kwa maoni yangu unayo, hasa pale msanii anapoketi na kufanya kazi yake mwenyewe mbele ya watoto badala ya kupita akiwasahihisha.

Niliyashuhudia hayo siku walipochora habari za Yona. Mchoraji, mama wa makamo ambaye kazi hiyo ndiyo riziki yake, hakuwagawia picha ya kunakili. Alimuuliza binti yangu, "Mwanangu, humo tumboni mwa samaki, Yona aliweza kuiona mikono yake?" Mtoto akafikiri kidogo, akajibu kwamba hakuweza. Ndipo mchoraji alipoiweka kando rangi nyeusi, akachanganya buluu iliyokoza na kahawia mpaka likapatikana giza lenye kina, ambalo nyeusi ya kwenye chupa haiwezi kulitoa. Karatasi ya mtoto hakuigusa hata mara moja. Kila alichotaka kumwonyesha alikifanya kwenye karatasi yake. Picha ya binti yangu ilijaa giza karibu yote, isipokuwa vidole vitano vya kijivu vilivyoonekana kwa shida pembeni. Tulipokuwa tukirudi nyumbani aliniuliza Yona alijuaje kwamba siku tatu zimepita ikiwa humo ndani hamkuwa na mwanga, swali ambalo mimi, kwa miaka yote niliyoisoma habari hiyo, halijawahi kunijia.

Vifaa ndivyo vilivyonisikitisha. Darasa lilianza na karatasi za kawaida za ofisi, zile nyepesi za gramu 80 kwa mita ya mraba, ambazo zikipata maji hujikunja na kuchanika, hadi mchoraji alipoleta za gramu 300 kutoka akiba yake. Sioni haki mtu anayetoa kipaji chake bure abebe pia gharama za karatasi, na nilifarijika wazazi tulipokubaliana kuchangia. Vilevile hatukuambiwa mapema kwamba rangi ya akriliki ikishakauka haitoki kwenye nguo, ilhali watoto hutoka ibadani wakiwa wamevaa nguo zao nzuri kuliko zote; mpelekeeni mtoto shati kuukuu la kuvaa juu.

Kipindi cha ngoma kina kasoro kubwa zaidi, kwa kuwa watoto wa miaka 5 huwekwa pamoja na wa miaka 12, na wale wadogo hupotea mara tu mpigo unapoongezwa kasi. Mpigaji mwenyewe ni hodari na ana subira, lakini mtu mmoja hawezi kuwafuata wote.

Kuhusu usalama sina wasiwasi: watu wazima huwa wawili au zaidi darasani, na mlango huachwa wazi muda wote. Niliuliza kabla ya kumwandikisha binti yangu, na kila nilipopita bila taarifa nilikuta hivyo hivyo.

Muhula ujao nitamwandikisha pia mdogo wake, ila kwa uchoraji tu, mpaka makundi ya ngoma yatakapotenganishwa kwa umri.