Ofisi ya makazi ya chuo: anzia hapo kabla ya dalali

Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ofisi ya makazi ya chuo chetu naipa alama za juu. Vyumba kwenye orodha yao vimekaguliwa, na kodi inaonyesha kama maji na umeme vimo. Hapo ndipo wengi huumia: chumba kinaonekana rahisi, kumbe bili na nauli ya kila siku vinakifanya kiwe ghali kuliko kilicho karibu na geti. Mhudumu alinipitisha kwenye mkataba kifungu kwa kifungu, hasa masharti ya kurudishiwa amana. Dalali wa mtandaoni alitaka pesa kabla sijaona hata mlango! Kasoro yao ni orodha kuchelewa kusasishwa, na vyumba vya watu wawili, ambavyo ndivyo nafuu, huisha mapema mno. Omba mara tu upatapo barua ya udahili.