Son of Patricia ya Trevor Noah, ilivyopokewa Soweto ya Mbeya

Kwetu kichekesho tumezoea kiwe na mavazi. Tumekua na Mzee Majuto, tukaja Ze Komedi ya akina Joti, Mpoki na Masanja: watu wanavaa magauni, wanabadili sauti, wanakimbizana. Ukimwambia mtu wa rika la mjomba wangu kuna onyesho la saa moja na ushei ambalo mtu mmoja amesimama na maikrofoni anaongea tu, atakuuliza kama huyo ni mhubiri. Ndivyo alivyoniuliza. Kwa hiyo hapa sitajadili tu kama Trevor Noah anachekesha, maana hilo linajulikana. Nitaeleza lile onyesho lake la Netflix la mwaka 2018, Son of Patricia, linavyokwenda sebuleni kwa mama mdogo, Soweto. Soweto yetu ya Mbeya namaanisha, siyo ile ya Afrika Kusini, Trevor alikokuwa akishinda kwa bibi yake.

Kabla hujabonyeza kitufe, wasimulie wenzako kidogo huyu ni nani. Alizaliwa Johannesburg mwaka 1984, mama Mxhosa, baba Mswisi, wakati sheria ya makaburu ilikataza mweusi na mzungu kuwa na uhusiano wa kimapenzi. Katazo lile lilifutwa mwaka 1985. Nilipoeleza hivyo, mama mdogo akanikata: "Kwa hiyo mtoto mwenyewe ndiyo alikuwa kosa?" Nikamwambia ndiyo, mama. "Haya, weka." Patricia wa kwenye jina la onyesho ni huyo mama yake, na asiyejua habari zake atacheka nusu nusu.

Kuhusu bando. Ukitazama kwenye simu kwa mpangilio wa kuokoa data, Netflix wenyewe wanakadiria GB 1 kwa saa 6 hivi. Ukiweka picha kali ya HD kwenye runinga, inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa. Mimi nilipakua mapema usiku kwenye kishikwambi cha binamu, tukakiegemeza kwenye chupa ya chai, sauti tukaitoa kwenye sabufa. Kwa stendapu inatosha kabisa. Hakuna milipuko wala mandhari ya kukosa, ila sauti lazima iwe safi, kwa sababu ukikosa neno moja umekosa kichekesho kizima. Baridi ya Julai ilitusaidia pia: kila mtu alijifunika blanketi na hakuna aliyeondoka ondoka.

Tatizo kubwa la kutazama kitu hiki kikundi ni maandishi ya chini. Kwenye filamu ya mapigano hayana madhara. Kwenye stendapu yanaua. Sentensi inatokea nzima kabla msemaji hajaimaliza, na mjomba, ambaye Kiingereza chake ni cha kusoma zaidi kuliko cha kusikia, akawa anacheka mbele ya Trevor. Binamu anacheka pamoja na Trevor. Mama mdogo anacheka nyuma ya wote, baada ya mimi kumfasiria, na wakati huo watu wa ukumbini Los Angeles wameshanyamaza. Chumba kimoja, vicheko vitatu. Wale jamaa wa vibanda umiza wanaofasiri filamu za Kichina wangeshindwa kazi hii, maana hapa ule mnyamazo kabla ya neno la mwisho ndio wenye chumvi, na huwezi kuongea juu yake. Tulipofika katikati nikazima maandishi, mambo yakawa nafuu. Mjomba alinuna kidogo.

Sehemu iliyotupata kweli ni ya Bali. Trevor anasimulia alivyokwenda kule kama mtalii, akapelekwa kwenye nyumba za watu kuangalia wanavyoishi. Unaingia kwa mtu, unamtazama, unapiga picha, unaondoka, na yeye anaendelea na shughuli zake. Ukumbini walicheka, sawa, lakini nadhani walicheka kama watu waliowahi kuwa wale watalii. Sisi tulikuwa tunacheka tukiwa upande wa mwenye nyumba. Mama mdogo kazaliwa Tukuyu, na huko wageni hupita wakienda Daraja la Mungu pale mto Kiwira, au wakipanda kuliona ziwa Ngosi. "Hata sisi wanakujaga," akasema, kisha akatusimulia mzungu aliyesimamisha gari akampiga picha amejitwika mkungu wa ndizi, akatabasamu, akampungia mkono, akaondoka. "Nilikuwa nasubiri aseme anibebee mpaka nyumbani." Tukasimamisha onyesho. Hakuna mstari wa Trevor usiku ule uliochekwa kama huo, na sisemi kwa kumdharau. Yeye ndiye aliyeufungulia mlango.

Hapo ndipo nilipoona faida ya mchekeshaji Mwafrika mbele ya kamera ya Kimarekani. Anazungumza na wao, lakini mara kwa mara anachungulia upande wetu. Kuna mahali hachungulii kabisa. Kisa cha kula taco, kile chakula cha Kimeksiko, kwa mara ya kwanza kinategemea Kiingereza cha Afrika Kusini dhidi ya Kiingereza cha Marekani, nacho kinavutwa mno. Mama mdogo alikwenda kuangalia sufuria, akarudi bado tupo kwenye taco.

Mizaha kuhusu Trump niliitegemea iwe imechacha. Ni ya enzi za muhula wake wa kwanza, Trevor mwenyewe wakati ule bado anaongoza The Daily Show, kipindi cha Kimarekani cha kuzikejeli habari, kiti alichokikalia kuanzia 2015 hadi 2022. Lakini kwa kuwa Trump alirudi Ikulu Januari 2025, mambo ya wahamiaji yakasikika kama yamerekodiwa juzi. Hoja yake pale ni nyepesi na kali: asiyewataka wahamiaji aache na chakula chao, na viungo vyao pia. Mjomba, mkulima wa viazi kule Uporoto, akauliza bila kutabasamu, "Sasa watabaki na nini, viazi vya kuchemsha?" Akafikiri kidogo, akaongeza, "Basi soko lipo."

Mwisho wa onyesho ndio wenye uzito. Anarudi kwa mama yake na namna alivyomfundisha kupokea ubaguzi: tusi usikae nalo moyoni, lichukue, lichanganye na upendo wa Yesu, umrudishie mwenyewe. Kisha anaonyesha alivyolijaribu somo hilo barabarani alipotukanwa. Mbinu ya uandishi ni safi: umecheka muda wote ukidhani anarukaruka, kumbe kila kisa kilikuwa kuhusu mgeni na mwenyeji, nani anamtazama nani. Klipu fupi za Cheka Tu, jukwaa la stendapu la hapa kwetu, ninazotazama YouTube zinanichekesha sana, pengine zaidi kwa dakika, ila dakika chache hazimpi mchekeshaji nafasi ya kusuka hivyo.

Tahadhari moja: matusi yapo, na lile neno la kibaguzi la Wamarekani linatajwa mara kadhaa kwa makusudi. Usiliweke mbele ya watoto, na kama mkwe amekuja kusalimia, subiri aondoke. Mama mdogo ni mwimba kwaya, palipozidi nilikohoa tu badala ya kufasiri, akaelewa, akasema "Ruka hapo."

Onyesho nalitunuku nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ajili ya ile taco. Kama nyumbani kwenu Kiingereza kinapanda, anzeni na hili. Kama kuna wengi wa kufasiriwa, anzeni na lile la mwaka 2017, Afraid of the Dark, alilorekodi New York. Lile limejaa lafudhi za watu wa mataifa, na kuna kipande Mandela anamfundisha Obama namna ya kuongea ambacho hakihitaji mkalimani, kwa kuwa sauti zenyewe ndizo zinazochekesha. Nimeshalipakua. Safari hii maandishi yamezimwa tangu mwanzo, mjomba apende asipende.