Meloksikamu kwa goti lililolika: tathmini baada ya miezi sita

Daktari aliniandikia meloksikamu, dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe, kidonge kimoja cha miligramu 7.5 kila siku, baada ya picha ya eksirei kuonyesha kwamba gegedu la goti langu la kulia limelika. Kabla ya hapo nilikuwa nikimeza ibuprofeni mara tatu kwa siku, na kila niliposahau kidonge cha jioni, maumivu yaliniamsha usiku wa manane.

Usingizi ndio faida ya kwanza niliyoipata. Mwili huchukua takribani saa 20 kupunguza nusu ya meloksikamu iliyomo katika damu, hivyo kidonge cha asubuhi huendelea kufanya kazi hadi kesho yake. Siku mbili za mwanzo sikuona nafuu ya maana na nilikaribia kuiacha; kumbe dawa hii huhitaji siku tano hivi ili kiwango chake katika damu kitulie, na juma lilipokwisha niliweza kushuka ngazi bila kushika ukuta. Goti bado hukakamaa ninapoamka, ingawa kwa muda mfupi zaidi. Gegedu lililolika halirudishwi na dawa hii.

Dosari yake ilijitokeza mahali nisipopatazamia. Meloksikamu huzuia utengenezaji wa prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu na uvimbe, lakini kemikali hizohizo hulinda utando wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Tumbo langu lilitulia. Shinikizo la damu, ambalo kwa miaka mingi lilidhibitiwa kwa dawa ya kuongeza mkojo, lilipanda katika mwezi wa pili. Daktari alipima figo, akazikuta salama, kisha akaniagiza nimeze kidonge katika siku za maumivu makali tu. Tangu hapo shinikizo limeshuka, ila nafuu huchelewa kila ninapoanza upya, na hilo hunisumbua kweli.

Kwa goti naisifu bila kusita. Ninachokilalamikia ni duka lililonipa vidonge vyangu vya kwanza katika bahasha tupu, bila karatasi ya maelezo, ilhali humo ndimo yalimo maonyo kuhusu mshtuko wa moyo, kiharusi, ujauzito, kinyesi cheusi kinachoashiria kuvuja damu tumboni, na hatari ya kuichanganya na ibuprofeni, ambayo bado nilikuwa nayo nyumbani. Karatasi hiyo niliipata mwezi wa tatu, nilipobadilisha duka.